UZI: Nimeandika riwaya ya mume na mke majasusi, kituo chao Kigoma. Sura ya tisa imenishinda, njooni mnichane

Karani wa Sensa

Wakuu, salamu kutoka mwisho wa reli.

Mwaka wa nne huu naandika riwaya kwenye madaftari ya kaunta. Imefika sura ya kumi na saba na naogopa kuwapa watu ninaofahamiana nao, maana watanisifia. Nyie hamnijui, mtanichana bila huruma, ndiyo maana nimeileta hapa.

Chanzo chake ni hiki. Agosti 2012 nilikuwa karani wa sensa mitaa ya Mwanga, hapa Kigoma. Usiku wa kuhesabiwa ulikuwa ule wa kuamkia tarehe 26, siku zilizofuata sisi tunazunguka na madodoso. Nyumba moja nikakaribishwa na mtu na mkewe, wafanyabiashara, watu wa heshima kabisa. Namuuliza mume, mkeo alizaliwa wapi? Tanga. Mke yuko jikoni, akajibu bila kuulizwa: Lindi. Wakacheka wote wawili. Kilichonibana mimi si Tanga na Lindi. Walianza kucheka pamoja na wakanyamaza pamoja, kama waliopigiwa filimbi.

Yawezekana ndoa ilikuwa changa tu. Lakini nilitoka pale nikijiuliza: je, kama hawa ni watu wa kitengo?

Wapelelezi wa riwaya tulizokua nazo walikuwa makapera. Bastola, suti, hoteli, na mwanamke mpya kila baada ya kurasa 30, naye ama afe ama awe msaliti. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuombwa hela ya matumizi asubuhi. Wangu nimemwoza. Anaitwa Hamisi, mkewe Zuhura, wote waajiriwa wa Idara ya Usalama wa Taifa, na Zuhura ana cheo kimoja juu ya mumewe (hapo nilijua nitatukanwa, karibuni).

Zuhura alikuwa mwanafunzi Dar ile Ijumaa ya Agosti 7, 1998. Nairobi walikufa zaidi ya 200, Dar watu 11, na watu wanasema Dar ingekuwa mbaya zaidi kama gari la maji lisingekuwa pale getini kwa ubalozi. Yeye anachokumbuka ni vioo vya darasa. Sheria ya Kuzuia Ugaidi inakuja 2002, yeye anaingia kazini baadaye. Julai 2010 Kampala inapigwa, watu wakiwa wanatazama fainali ya Kombe la Dunia. Hadithi yangu inaanza miaka miwili baada ya Kampala: kuna fedha na kuna fundi mmoja wa mabomu wanaotarajiwa kuvuka ziwa kutoka ng'ambo, na Hamisi na Zuhura wanatumwa Kigoma kama wafanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi.

Sura ya tisa: Hamisi anapewa amri. Kijana wa boti anayemvusha yule fundi ni Idrisa, mdogo wake Zuhura wa tumbo moja. Hamisi asimwambie mkewe. Nimeiandika mara sita. Kila mara Zuhura anagundua kwa kusoma ujumbe kwenye simu ya mumewe, na kila mara naona aibu.

Mtoto wa Ujiji

Nimekaa siti ya mbele. Tupia sura ya kwanza mkuu, tusianzie ya tisa kama tumepanda treni njiani, Uvinza.

Karani wa Sensa

Natupia kipande cha tukio la ziwani, sura ya nne:

"Usiku wa tarehe 2 Agosti mwezi ulikuwa umeiva juu ya milima ya Kongo. Taa za wavuvi wa dagaa zilitapakaa ziwani kama mji mwingine. Hamisi alihesabu taa 41. Alipohesabu tena zilikuwa 42."

Nahodha Mstaafu

Kijana, umeandika vizuri na umekosea vibaya.

Dagaa wanafuata taa kwa sababu ni giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa yako haina kazi, boti zinalala mchangani, wavuvi wanashona nyavu na kudaiwa. Tarehe 2 Agosti 2012 mwezi ulikuwa mpevu kweli, hilo umepatia. Sasa hizo taa 41 ni za nani?

Sogeza tukio hadi tarehe 17. Giza totoro. Hapo taa zitakuwepo, na hiyo ya 42 itatisha kweli, kwa sababu kila tajiri wa chombo anajua vyombo vyake.

Mtoto wa Ujiji

Nahodha kaua. Naongezea la kwangu: tarehe 2 Agosti mwaka ule tulikuwa katikati ya Ramadhani. Nimepekua juu uzi wako mwingine ule wa mwezi uliopita, ulisema asubuhi yake Hamisi anakaa kwa mama ntilie Ujiji anakunywa supu na chapati. Hamisi! Ujiji! Mwezi wa toba! Jasusi wako angejulikana mtaa mzima kabla supu haijapoa.

Karani wa Sensa

😂😂 Nimekubali. Nilikuwa naangalia kalenda ya ukutani yenye tarehe tu. Tarehe 17 basi, siku chache kabla ya Idi, na Hamisi anafunga.

Mama Dagaa Kibirizi

Mimi sisomi riwaya, mwanangu ndiye ameniwekea hii simu hapa. Nina swali moja. Huyo Zuhura anauza dagaa Kibirizi. Anaamka saa ngapi?

Karani wa Sensa

Shikamoo mama. Saa moja asubuhi nimeandika.

Mama Dagaa Kibirizi

Marahaba. Saa moja dagaa wameshauzwa, zamani. Boti zinaingia alfajiri, sisi tuko mchangani na ndoo na vitenge vya baridi, tunajua chombo kipi kimepata na kipi kimerudi kitupu kabla hakijafunga kamba. Halafu kuna kuanika. Wa mchangani wana bei yao, wa kwenye chanja wana bei yao, kwa sababu wa mchangani wana mchanga. Kuna kugeuza. Kuna kuanua mvua ikitisha. Zuhura wako ana dagaa wa nani kama saa moja bado yuko kitandani na mume?

Na mwingine huyo Hamisi anayehesabu taa. Ya nini? Angeniuliza mimi. Chombo kigeni kikitia nanga hapa nakijua kwa namna kijana wake anavyoruka majini. Ukimtaka mtu aliyevuka usiku, usimtafute kwa darubini. Uliza nani asubuhi hiyo amenunua sigara kwa faranga.

Karani wa Sensa

Mama, hapo umenivunjia sura tatu na umenipa sura tano. Sasa naona nani anatakiwa awe jasusi mkubwa humu ndani, na si Hamisi. Zuhura anapaswa kujua kila kitu pale mchangani. Hamisi anabaki na darubini yake.

Wakili Njaa

Nimesoma sura ya sita uliyoniwekea inboksi. Hamisi anamfunga mtu pingu. Pingu kazitoa wapi?

Sheria ya 1996 iliyoiweka Idara ya Usalama wa Taifa kisheria iliipa kazi ya kukusanya habari, kuzichambua na kushauri. Kukamata ni kazi ya polisi. Usilichukulie hilo kama kero, litumie. Watu wawili wanajua kila kitu na hawana ruhusa ya kumgusa mtu. Inabidi wampelekee mkuu wa polisi habari bila yeye kujua zimetoka wapi. Na zaidi: mfanye Zuhura akamatwe na polisi kwa magendo ya mawese. Hawezi kusema yeye ni nani. Mumewe inabidi aje kituoni kumwekea dhamana kama muuza dagaa, akiwa na suruali yenye magamba, aombe, aitwe mjinga, na atulie. Hapo ndipo nitaamini hawa ni majasusi.

Kapera Sugu

Mimi naona ni chai tu hii, uongo mtupu. Ugaidi Kigoma? Kigoma kuna nini zaidi ya samaki wa migebuka na mawese? Hadithi za aina hii ziende Dar, Nairobi, Mombasa.

Nahodha Mstaafu

Kapera, ziwa hili lina urefu wa kilomita zaidi ya 670, nchi nne zinalinywa, na siku ya anga safi unaiona Kongo kwa macho. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipiganwa humu. Liemba unayoisikia ilikuwa meli ya Mjerumani, ikaja vipandevipande kutoka Ujerumani, ikaunganishwa hapa Kigoma, 1916 wenyewe wakaizamisha isichukuliwe na adui, Mwingereza akaiibua 1924. Che Guevara mwaka 1965 alivukia hapa kwenda Kongo, na alipoondoka Kongo alirudi kwa njia hiyohiyo. Na Mei 1975 watu wenye silaha walivuka usiku kwa boti kutoka Zaire, wakateka vijana wanne pale Gombe, watafiti wa sokwe. Wakadai fedha. Walikuwa watu wa Kabila baba, yule aliyekuja kuwa rais wa Kongo 1997. Vijana wote walirudi hai, wa mwisho baada ya wiki nyingi.

Kwa hiyo ukiniuliza Kigoma kuna nini, kuna usiku na boti.

Karani, la mwisho kwako: sura ya 14 uliyonitumia, bastola inatupwa katikati ya ziwa na mpiga mbizi anaiopoa. Kina cha ziwa hili kinafika mita 1,470. Ifute.

Karani wa Sensa

Imefutwa mzee wangu. Na mpiga mbizi amefukuzwa kazi.

Kasulu Kwetu

Niseme jambo ambalo labda halitapendeza. Kwenye ule uzi wako wa mwezi uliopita umeandika fundi wa mabomu anajificha kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mkuu, kambi ile ipo tangu 1996. Kuna watu wamezaliwa pale, wameolewa pale, wamezika pale. Waliikimbia bunduki. Mei 2015 niliwaona wale waliotoka Burundi walipokwama Kagunga, kijiji cha mpakani, kipindupindu kinawamaliza, Liemba inakwenda na kurudi kuwaleta Kigoma, wanapokelewa uwanja wa Lake Tanganyika. Nilibeba mtoto wa mtu pale begani. Ukimpa msomaji picha ya gaidi ndani ya hema la mkimbizi, kesho kuna mtu atamnyima mwenzake maji kwa ajili ya riwaya yako.

Na kwa nini adui mkuu amekuwa shehe wa Ujiji? Umechoka kufikiri?

Mtoto wa Ujiji

Naunga mkono kwa mikono miwili. Sisi tumezaliwa chini ya miembe ya Ujiji, tunajua shehe akisema neno la ajabu msikitini nani anakuwa wa kwanza kulikataa. Ni wazee wa mstari wa mbele. Mwandike hata mmoja kati ya hao.

Karani wa Sensa

Kasulu Kwetu, nimekaa na ujumbe wako tangu jana ndiyo maana nilikuwa kimya. Sina cha kujitetea. Nilichukua kambi kwa sababu ilikuwa karibu, na shehe kwa sababu ilikuwa rahisi.

Nimebadilisha. Adui sasa anauza spea za injini za boti mjini. Anakopesha wavuvi. Kila mtu ana deni la shukrani kwake. Hana itikadi yoyote ya kuonekana, ana deni kubwa kwa watu wa mbali na hajui kulilipa isipokuwa kwa kufumba macho kila wanapopitisha kitu. Idrisa ni mmoja wa waliokopeshwa injini. Alivusha mtu mmoja, akafutiwa nusu ya deni. Hajauliza huyo mtu ni nani.

Hii imenisaidia kuliko nilivyotegemea, maana sasa Zuhura anaweza kumwelewa mdogo wake bila kumsamehe.

Lakini sura ya tisa bado. Zuhura anajuaje?

Kapera Sugu

Asome simu. Wote wanasoma simu.

Mke wa Mjeda

Kaka Karani, nimefuatilia kimya kimya. Nina miaka 22 ndani ya ndoa na mtu wa magwanda, sitasema kikosi. Simu yake sijawahi kuishika. Sina sababu.

Hawa watu wanadhani siri inakaa mdomoni. Mume wangu akiwa anakwenda safari ya kawaida, mimi ndiye nafunga begi. Akiwa anakwenda ile nyingine, analifunga mwenyewe, na anafunga vibaya, soksi juu viatu chini. Siku moja nilirudi sokoni nikakuta magunia mawili ya mkaa uani. Hatukuwa tumeishiwa. Nikaenda kwa mwenye nyumba kuazima kinu, akaniambia baba fulani kalipa kodi hadi Desemba. Ilikuwa Juni. Nikarudi, nikapika, nikampakulia, sikuuliza. Alikula akiangalia ukuta. Asubuhi hakuwepo.

Aliporudi, miezi mingi baadaye, aliniuliza ulijuaje usinipigie simu? Nikamwambia mkaa ulinitosha.

Kwa hiyo Zuhura wako, ambaye na yeye ni mtu wa kazi hiyohiyo, hawezi kuhitaji simu. Kinachoniumiza kwenye maelezo yako ni kwamba unamfanya Hamisi aone anamlinda mkewe. Hamlindi. Amechagua. Mwache ajue kwamba amechagua, na mke ajue, na wale chakula cha usiku wote wawili wakijua.

Wakili Njaa

Nimesoma hii mara mbili. Dada, heshima yako.

Bint Malagarasi

Mimi machozi. Karani usituharibie sasa, andika.

Karani wa Sensa

Dada yangu Mke wa Mjeda, asante. Nilimsomea mke wangu ujumbe wako kwa sauti. Akanyamaza kidogo, akasema, "Na wewe ukiwa na deni dukani unaosha vyombo." Sikuwahi kujua kama najulikana kwa vyombo.

Nipeni siku mbili.

Mtoto wa Ujiji

Siku ya tano hii. Karani kakamatwa?

Kapera Sugu

Kaenda kuosha vyombo.

Karani wa Sensa

Nimerudi wakuu. Mkaa na kodi ya Mke wa Mjeda sikuvichukua, ni vyake. Nilitafuta kitu ambacho Hamisi angekikosea yeye, na nimekikuta mahali ambapo sikutegemea. Someni:

"Futari ilikuwa ya mihogo ya nazi na migebuka. Zuhura alipakua sahani tatu kwa mazoea, kwa sababu mdogo wake alikuwa hapitishi siku mbili bila kuja kula kwao.

Hamisi alifungua kwa tende. Akanywa maji. Akaitazama ile sahani ya tatu.

'Idrisa hajaja leo?' aliuliza.

Zuhura alikuwa ameshika mwiko. Miaka sita ya ndoa, huyu mwanamume hakuwahi kumwita mdogo wake Idrisa. Shemeji. Shem. Siku ya utani, muoga wa samaki. Idrisa lilikuwa jina la kwenye kitambulisho. Lilikuwa jina la kwenye karatasi.

Yeye mwenyewe alishaandika karatasi za aina hiyo, nyingi. Alijua mtu anaacha lini kuwa shemeji wa mtu na kuwa majina mawili na umri.

'Hajaja,' alisema. Akaifunika sahani ya tatu kwa kawa. 'Labda Idrisa kashiba.'

Alilitamka jina taratibu ili mumewe asikie kwamba amesikia. Hamisi aliacha kutafuna. Nje, adhana ya isha ilikuwa bado. Walikula hadi mihogo ikaisha, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno, kwa sababu mmoja alikuwa na amri na mwingine alikuwa na cheo cha kumlazimisha aivunje, na hakutaka kukitumia mezani kwake.

Saa nane za usiku Zuhura alivaa kitenge cha baridi, akachukua ndoo kama anakwenda kupokea boti. Zilibaki saa tatu nzima kabla ya boti kuingia. Hamisi alikuwa macho, uso ukutani. Alimsikia akifungua kitasa kwa upole, akajua anakwenda kwa nani. Hakugeuka."

Nahodha Mstaafu

Hapa sina la kusahihisha.

Mke wa Mjeda

"Hakugeuka." Ndivyo wanavyokuwa.

Kasulu Kwetu

Mkuu hii ya shemeji imenipiga. Nimemkumbuka shemeji yangu mmoja, tulipogombana kwa kiwanja ghafla akaanza kuniita Bwana na jina la baba yangu.

Wakili Njaa

Sasa umejitengenezea tatizo jipya, na ni zuri. Zuhura akimwonya mdogo wake, amevujisha. Asipomwonya, kaenda kufanya nini saa nane usiku? Hamisi alimsikia akitoka na hakuripoti. Kwa hiyo kuanzia ukurasa huu wote wawili wana kosa, na kila mmoja ndiye shahidi pekee wa kosa la mwenzake.

Karani wa Sensa

Wakili, sura ya kumi nzima inasimama hapo. Nilikuwa nimeijaza mbio za boti na risasi. Nadhani risasi zote nazitoa, nabakiza moja.

Kapera Sugu

Sawa, nimekubali, si chai. Ila hiyo moja mpige muuza spea.

Mama Dagaa Kibirizi

Mwanangu amenisomea hicho kipande. Ni kizuri, na mihogo ya nazi umeiandika kama mtu anayeila. Lakini Zuhura katoka saa nane, na mwanzo wa sura hiyo uliomtumia mwanangu unasema jioni aliacha dagaa kwenye chanja, na wingu lilikuwa limekaa upande wa Kongo. Amemwambia nani aje kuwaanua?